Madam Jerotich na Mji wa Madoadoa

Baada ya miaka thelathini na moja mapokezini kwa ushirika wetu wa maziwa hapa Olenguruone, Bi. Selina Jerotich anastaafu Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025. Ameomba wasifu wake uwe mfupi. Tumejaribu.

Aliajiriwa mwaka 1994 kujaza vitabu vya wakulima. Mwaka huo huo Mzee Hiram, ambaye alikuwa mwenyekiti hata wakati huo, alinunua kabati mnadani Nakuru, na ndani akakuta picha ya kuchorwa: mji wa pwani wenye jua kali, nyumba nyeupe, mama mwenye mwavuli. Lakini ukiisogelea, mji huuoni. Ni madoadoa matupu, kama aproni ya fundi wa rangi. Mzee Hiram aliamua kwamba mchoraji alikimbia kabla ya kumaliza kazi, akaitundika mapokezini hivyo hivyo.

Ni Madam aliyegundua kwamba ukirudi nyuma hatua nane, bahari inatokea. Akaifanya picha hiyo kuwa chombo cha kazi. Mkulima ambaye maziwa yake yamekataliwa akija anafoka, Madam alimshika kiwiko, akamrudisha hatua nane, na kumwambia asiseme neno mpaka amwone mama wa mwavuli. Akimwona, hasira zimekwisha, na mwenyewe anakiri kwamba huenda mvua kidogo iliingia kwenye mtungi. Mmoja alimtafuta huyo mama kwa saa nzima, hata maziwa yake mazuri yakaganda.

Mwaka 2009 Madam akiwa likizo, Mzee Hiram alimwita Elphas, mchoraji wa mabango ya bucha, aje amalizie picha. Elphas akaweka ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi, ufuoni, kiwele kikielekea baharini. Madam aliporudi alihesabu hatua zake nane, akamtazama ng'ombe. Kisha akatoa uamuzi: ng'ombe abaki, ila ni dhambi kumsimamisha kwenye jua kama lile bila kivuli. Elphas akarudishwa kuchora kivuli. Tangu hapo wakulima humwona ng'ombe kwanza, na hutulia ndani ya dakika mbili tu.

Desturi yetu ni kumpa mstaafu mtamba. Madam alikataa mtamba, akaomba picha. Kamati ilipiga kura: watano wakakataa, wanne wakakubali. Tukasema ile ni mali ya wakulima, na kwamba bila picha nani atawatuliza?

Basi aliyetutuliza sisi sote akakasirika yeye. Siku tatu alijaza vitabu bila kuinua kichwa wala kumsalimu mtu. Mzee Hiram alianza kuingilia mlango wa mitungi.

Wacha niseme ukweli. Kura ya tano ilikuwa yangu, mimi Kipkorir wa kupima maziwa. Kwenye mkutano nilitaja mali ya wakulima mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa nadanganya. Nilidhani akinyimwa picha hataenda. Jumatatu niliomba kura zirudiwe, na wote tisa tukakubali.

Kwa hivyo picha ni yako, Madam. Mimi ndiye nimepewa kazi ya kuitoa ukutani, na ninaifanya polepole sana. Asante kwa uvumilivu wako, na kwa chai uliyotuwekea kila tulipochelewa. Mungu akupe afya na mapumziko marefu, na siku ya soko usitupite. Sikutaka uende. Lakini nenda salama.