Mkufu wa Pete Nne Una Mwenyewe

Baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye meza ya waya, Bi. Perpetua Ayuma, ambaye sote tunamwita Mama Javan, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Ofisi kuu iliniomba niandike maneno matamu. Nitayaandika, lakini nimekasirika na sitaficha.

Alijiunga na karakana yetu ya Tujipambe, hapa Mbotela, mwaka 1994, akitunga shanga tu. Siku moja akachukua waya uliobaki, akauzungusha kwenye spoki ya baiskeli, akaukata pete ndogondogo na kuziunganisha moja ndani ya nyingine. Ndivyo ulivyozaliwa mkufu wa pete nne: pete nne zinaushika ushanga mmoja, bila gundi wala uzi. Hakufundishwa na mtu.

Karibu kila fundi hapa amepitia mkononi mwake, na kila mmoja anaujua mtihani wa soksi. Mkufu ukikamilika, Mama Javan huupitisha juu ya soksi ya nailoni. Ukinasa hata uzi mmoja unafumuliwa, kwa sababu kinachonasa soksi kitakwaruza shingo ya mtu. Meneja wetu wa hapa karakanani, Bwana Phares, aliwahi kumtengenezea mama mkwe wake mkufu mmoja. Ulinasa mara tatu. Mama mkwe alipelekewa leso.

Sasa hasira yangu. Mwaka juzi alikuja mbunifu mgeni, akaketi kando ya Mama Javan wiki mbili, akanywa chai yake, akala mihogo yake, akapiga picha. Katalogi mpya imetoka, na mkufu wa pete nne umeandikwa jina la huyo mgeni. Ati ameubuni! Mkufu wake wa kwanza uliachia kabla hajainuka kitini. Halafu Jumanne ofisi ikamletea Mama Javan karatasi atie sahihi kwamba mtindo si wake, ndipo apewe cheti cha utumishi. Aliisoma polepole, akaikunja, akairudisha bila sahihi. Jamani, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Hii ni aibu.

Jana mafundi wote kumi na tisa tuliweka koleo chini. Tulimwambia Bwana Phares kwamba hakuna mkufu wa pete nne utakaotoka hapa mpaka katalogi irekebishwe. Yeye, tuseme ukweli, alitupelekea ujumbe huo ofisini bila kusita. Hatujajibiwa. Nimeambiwa tu niiondoe aya hii, na haiondoki.

Mama Javan, asante kwa subira yako, na kwa makosa yetu uliyoyafumua bila kutuaibisha mbele ya watu. Nenda nyumbani Khwisero ukapumzike, uwalee wajukuu, macho nayo yasahau waya. Mungu akutunze, akupe siku nyingi za raha. Cheti wamekunyima, basi pokea hiki chetu: mkufu wa pete nne ulibuniwa na Perpetua Ayuma. Tulikuwepo, tuliona, na tumetia sahihi hapa chini sote kumi na tisa.

Lydiah Wacuka, meza ya shanga, pamoja na wenzake kumi na wanane