Uzi wa Gauni la Njano

Ndugu waombolezaji, nasimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Nyuzi.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1964, katika nyumba iliyo nyuma ya karakana ya baba yetu, fundi seremala, akasoma shule ya msingi hadi darasa la saba mwaka 1978, kisha akajifunza ushonaji kwa shangazi. Tarehe 17 Agosti 1985 alifunga ndoa na dereva wa lori, mtu wa mizaha, wakajaliwa binti na mvulana.

Tarehe 2 Novemba 1997 vita viliingia mtaani kwetu, mumewe akauawa, naye akakimbia na watoto, na kwenye msongamano wa darajani binti yake wa miaka tisa akachomoka mkononi mwake, mama akabaki ameshika mkanda wa gauni lake la njano. Binti huyo hajaonekana mpaka leo.

Kwenye kambi ya wakimbizi alianzisha kikundi cha akina mama cha kutarizi, na kwa kuwa uzi wa dukani haukuwapo, kila mama alifumua nguo aliyotoka nayo nyumbani, akatumia uzi wake kuchora safari yake kwenye kitambaa. Marehemu alikuwa na ulimi mkali, aliyeshona ovyo aliambiwa hata kuku angeparua vizuri zaidi, lakini kwa kazi hiyo alimsomesha kijana wake, fundi umeme, aliyekaa hapa mbele.

Mwaka 2009 ndipo alipopata moyo wa kuufumua ule mkanda, akamtarizi binti yake kwenye kitambaa chake, akiwa ametupa mgongo. Wageni walipouliza mbona mtoto hana uso, alijibu, "Siku ile nilimwona mgongo tu."

Shirika lililosimamia kikundi likakiomba kitambaa kwa maonyesho ya wiki tatu, akakitoa kwa moyo mweupe, nacho hakikurudi. Aliambiwa kiko njiani, baadaye kwamba kimewekwa nyuma ya kioo kisichakae, mwishowe kwamba hadithi yake sasa ni ya dunia nzima. Wakamletea kalenda yenye picha ya kitambaa hicho, akaipapasa ile karatasi, akairudisha.

Machi mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya ini. Kijana wake aliomba kitambaa kirudi mama akishike japo mara moja, akajibiwa kuwa ombi linashughulikiwa. Marehemu alifariki hospitalini Jumanne iliyopita, tarehe 14, vidole vikipapasa shuka, na jambo hilo linatuuma kuliko kifo chenyewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliompikia, na akina mama wa kikundi waliomwosha na kumvika. Wafanyakazi wa shirika, shada lenu la maua tumeliona, ni zuri, lakini tungeshukuru zaidi mngekuja na kitambaa.

Dada, pumzika kwa amani kama utaweza, mwanao bado yuko ukutani kwa watu.