Nilivyorudisha Karai la Shemeji Yangu

Sabato njema, ndugu zangu wa Tabaka. Bwana amenitoa mbali. Natoa ushuhuda huu nikiwa nimeketi kwa sababu miguu imekataa kusimama, lakini moyo wangu umesimama!

Wengi mnanijua kwa uchongaji. Nilikuwa nikishika panga na jiwe la sabuni, kiboko anatoka amebakiza kupumua tu. Sijisifu, mnajua ni kweli. Kupiga msasa ilikuwa kazi ya Mama Kerubo, mjane wa kaka yangu. Alikaa na karai lake la maji, akasugua mpaka jiwe likawa laini kama shavu la mtoto.

Kisha mapaja yakaanza kulegea. Nikashindwa kuinuka kwenye kigoda, nikashindwa hata kugeuza jiwe. Watu wakaninong'oneza kwamba yale maji yana kitu, kwamba ananiroga. Nami, ndugu zangu, nikaamini. Nilimnyang'anya karai mbele ya wachongaji wote, nikaacha kula kwake. Vijana waliposema ahame kabla nyumba yake haijachomwa, nilinyamaza. Hiyo ndiyo dhambi yangu.

Hospitalini daktari alitaka kipande kidogo cha msuli wa paja wakakipime. Nilikataa miezi mingi. Mnajua sisi Abagusii tunavyoficha hata kucha tulizokata zisimfikie mchawi, sembuse nyama ya mwili! Ni Mama Kerubo aliyekuja nyumbani kwangu. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Shemeji, wape hiyo nyama waipime," alisema. "Kama ni mimi, ijulikane. Kama si mimi, nataka karai langu."

Nikaenda. Sindano iliingia, kipande kisichozidi punje ya mchele kikapelekwa Nairobi. Majibu yaliporudi, binti wa maabara, Mkisii mwenzetu, alinieleza taratibu: "Baba, kuna protini zinazoshikilia misuli isichanike. Tumezipima zako. Moja iko chini sana, na umezaliwa hivyo. Hakuna mtu aliyekuwekea kitu."

Nililia palepale, na sikuwa nikililia miguu. Kimya changu kilikuwa karibu kumuua mama wa watu.

Kesho yake nilibebwa hadi kwake, karai nimelipakata. Nikaomba msamaha mbele ya wachongaji walewale. Alilitazama karai, akasema, "Umeliacha likashika kutu." Halafu akanipakulia ndizi na mboga za chinsaga, nikala hadi nikaramba vidole.

Ugonjwa huu bado hauna dawa, sitawadanganya. Lakini wale wataalamu waliniomba kipande kilichobaki waendelee kuusoma, nami nilikitoa kwa mikono miwili. Vinyago vyangu vimevuka bahari, vingine sijui viko kwenye meza ya nani. Lakini ninachojivunia kuliko vyote ni hako kapunje! Nyama niliyoificha kwa hofu huenda ikamfaa mtoto wa mtu ambaye sitamwona.

Ndugu yangu, kama kuna nyumba ulimoacha kula kwa sababu ya maneno ya watu, mtumaini Mungu, nenda ukale. Asante Yesu kwa kuniokoa nikiwa bado na mdomo wa kuomba radhi.

Na aliyesukuma kiti changu hadi hapa mbele ni Mama Kerubo mwenyewe. Ibada ikiisha, nyinyi mliokuwa mkimkimbia, njooni mumpe mkono. Mimi nitakuwa hapa kando yake, nikiwahesabu.