Kapteni Montouto na Kome wa Hori la Ares

Leo, tarehe 30 Juni 2025, Kapteni Eladio Montouto Seijas anavua sare baada ya miaka arobaini na miezi kumi katika jeshi la majini. Karatasi hii nimeagiza igawiwe mlangoni watu wakitoka, si wakiingia. Kwa hiyo wewe unayeisoma umeshamwona akivua kofia na kuibusu bendera, kama wanavyofanya wastaafu wetu wote. Maana yake si mkubwa wangu tena. Kuna jambo nimelibeba karibu miaka kumi na minne, na nitalisema humu humu, hata kama litanigharimu cheo. Nimechoka nalo.

Tuanze na kazi yake, kama ilivyo ada. Mwana huyu wa fundi wa boti wa Mugardos aliingia chuo cha maafisa cha Marín akiwa na miaka ishirini, mwembamba hata kofia ikamshinda. Alihudumu katika meli saba, na tatu kati ya hizo zilikuwa chini ya amri yake. Hapa kwetu anayehama meli hupewa ubao wenye nembo ya meli akautundike ukutani. Yeye alipata mbao nyingi mpaka mkewe, Bi Sabela, akamwambia, "Eladio, ukileta ubao mwingine, lete na nyumba ya kuutundika." Uliofuata akauficha jikoni nyuma ya friji, na nasikia uko huko mpaka leo.

Hakuwa mtu wa mbwembwe. Februari moja, bahari ikiwa imechafuka siku ya tatu mfululizo, aliwaopoa wavuvi kumi na mmoja ambao chombo chao kilikuwa kinazama. Walipokuja kumvalisha nishani alishukuru, akaitia mfukoni, akauliza kama kuna kahawa imebaki. Sisi mabaharia tulimpenda kwa mambo madogo. Alikula dengu zilezile tulizokula, na akikukaripia hakurudia kesho yake.

Lakini najua mnachokisubiri. Katika kambi hii ya Ferrol, ukitaja Montouto mtu hakumbuki wavuvi, anakumbuka kome, wale wa baharini wenye magamba meusi. "Kapteni Kome" ndilo jina walilompa. Kome wakiletwa mezani katika mesi ya kambi, lazima mmoja aseme, "Isogezeni hiyo sahani, Kapteni asije akaigonga." Yeye hucheka na wenzake, kisha huchukua mkate. Mimi nimekula mesini humo mwaka baada ya mwaka, nikiusikia utani huo.

Ilikuwa Oktoba 2011, katika meli ya doria Cabo Ortelle. Tulikuwa tunarudi baada ya siku kumi na sita baharini, nusu ya mabaharia wamelala kwa homa ya mafua. Mimi, Brais Cerdido, nilikuwa sajini wa usukani. Mwenzangu aliugua, nikaomba nimshikie zamu yake juu ya yangu, na Kapteni akakubali. Saa mbili asubuhi tuliingia hori la Ares, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, ukungu ukiwa mzito. Mle ndani kuna vyelezo, yale majukwaa ya mbao yanayoelea, yenye kamba za kome zilizoning'inizwa chini yake. Luteni wa zamu alikuwa nje na darubini. Ndani ya chumba cha usukani tulikuwa wawili tu, Kapteni na mimi.

Kila baharia anajua kwamba mshika usukani akipewa amri huirudia kwa sauti, ili mkubwa ajue imesikika. Kapteni akasema, "Kushoto digrii kumi." Nikajibu, "Kushoto digrii kumi, mkuu." Akaridhika, akainamia rada. Jamani, nilikuwa nimelala. Nilikuwa nimelala wima, usukani mikononi. Mdomo ulikuwa umezoea kujibu miaka kumi na miwili, ukajibu wenyewe, lakini mikono haikugeuza kitu. Nilizinduliwa na mlio wa mbao zikivunjika.

Mwenye chelezo, Bi Hermitas, alitufikia na mashua yake kabla hata injini hazijapoa. "Hori lote hili," alituambia, "nyinyi mkaona njia ipite juu ya kome wangu?" Kapteni alimwomba radhi akiwa amevua kofia. Halafu Jumamosi tatu mfululizo alikwenda kwake, akakunja mikono ya shati na kufunga kamba pamoja na wanawe.

Jioni ya siku ile ya ajali aliniita chumbani kwake. Nilidhani mwisho wangu umefika.

"Uko macho tangu lini?"

"Tangu jana alfajiri, mkuu."

"Nani alikuruhusu zamu ya pili?"

"Mwenzangu aliugua, mkuu."

"Nakuuliza, Cerdido."

"Wewe, mkuu."

"Basi. Nenda kalale."

Katika kitabu cha safari aliandika sentensi moja tu, "Wajibu ni wa nahodha." Mbele ya tume iliyochunguza ajali hakuongeza neno. Mwaka 2016 yalisomwa majina ya maadmirali wapya, lake halikuwamo. Mwaka 2018 vilevile. Wakamwekea meza ya ratiba za mafunzo, akaikalia mpaka leo, bila kununa.

Mara ya pili jina lake liliporukwa nilimfuata nikamwambia sivumilii tena, aniache niseme. Akanitazama kwa uchovu. "Wewe una watoto wawili shuleni. Mimi nyota siili. Siku nitakayobusu bendera, sema utakalo. Kabla ya hapo, kunyamaza ni amri." Wiki iliyopita nilimpelekea rasimu ya karatasi hii. Aya ya kome aliikata kwa penseli, akaandika pembeni, "Bado."

Sasa tayari. Aliyegonga chelezo ni mimi. Jina lile la Kome, mlilokuwa mkimtania nalo, nileteeni mimi, na nawaomba kuanzia leo mmwite Kapteni Montouto. Nimebakiza miaka miwili kustaafu. Kama nitaimaliza au sitaimaliza, wataamua wenye kuamua. Naona aibu kwamba nilikubali kunyamaza, na ukweli ni kwamba miaka mingine nilishukuru kuamriwa.

Kapteni, kwa niaba ya wote waliokula dengu nawe, ahsante. Ukae salama nchi kavu, wewe na Bi Sabela, na afya ikufuate huko Mugardos.

Mimi nimesimama hapo nje, kando ya mlango. Mwenye swali aniulize mimi. Yeye mwacheni apite, mkewe anamsubiri garini.