Naftaly Thuo wa Kang'ethe, Aliyetaka Neno Lirudiwe

Haya yanasomwa na dada yake, Milcah Wanjugu, hapa makaburini Nakuru, leo Ijumaa tarehe 6 Novemba 1959. Yanasomwa kwa Kiswahili kwa sababu waliokuja ni watu wa makabila mengi, na marehemu hangependa mtu arudi nyumbani bila kuelewa.

Naftaly Thuo alizaliwa mwezi wa Aprili 1917 huko Ndabibi. Baba yake alikuwa marehemu mzee Kang'ethe, aliyechunga ng'ombe wa mzungu, na mama yake ni Wamuyu, yule mnayemwona amekaa kwenye kiti hapo mbele. Thuo akiwa mdogo mama alimtuma dukani chumvi, akarudi na sukari. Mama hakumpiga. Aliichukua sukari ile akaitia kwenye maharagwe, na nyumba nzima tukala hivyo hivyo, kila mmoja akimtazama Thuo. Tangu siku hiyo hakuondoka mlangoni kabla ya kurudia alilotumwa, na akikupa ujumbe wewe, alikulazimisha nawe urudie. Alikuwa anachosha, tuseme ukweli.

Alisoma shule ya misheni kule Naivasha kuanzia 1927, akamaliza darasa la sita mwaka wa 1933. Hesabu zilimshinda, lakini Kiingereza kilimwingia. Kikipsigis hakukipata darasani. Alikipata kwa Kiprugut Kosgei, rafiki yake waliyechunga naye ndama.

Mwaka wa 1938 aliandikwa kazi ya ukalimani wa baraza. Bwana Shauri, yaani ofisa wa serikali, akisema kwa Kiingereza, Thuo aliyageuza maneno kwa Kikuyu, kisha kwa Kikipsigis. Akimaliza hakuruhusu watu waondoke. Alichagua mmoja, mara nyingi mzee au mama asiyejua kusoma, asimame ayarudie yote mbele ya watu. Yakirudiwa sawa, ndipo alipovaa kofia yake, na baraza likavunjika. Mabwana Shauri wengi walipita pale, na wote waliipenda desturi hiyo kwa sababu hakuna aliyeweza kusema hakusikia.

Tarehe 20 Desemba 1941 alifunga ndoa na binti aitwaye Wangu. Pasta alipomuuliza kama anamkubali, alijibu ndiyo, halafu akamgeukia bibi arusi amwambie amesikia nini. Kanisa lote lilicheka, pasta naye akacheka.

Kicheko kiliisha ilipokuja Hali ya Hatari. Watu wa shambani walihamishwa wakazungushiwa seng'enge, na askari wakapiga kambi kando. Kutoka kabla ya saa iliyoruhusiwa kulikuwa ni kujitafutia risasi. Kufika mwaka wa 1956 maneno yakawa mengi kuliko chakula. Redio ilisema vita vya msituni vimekwisha. Wazungu wenye mashamba walisema askari wakiondoka wao watachinjwa vitandani. Hata sisi ndani ya seng'enge hatukuwa kitu kimoja, kwa maana waliokuwa na watoto kwenye ulinzi wa serikali waliogopa kulipiziwa kisasi, na wengine tulitaka kulala bila kumulikwa usoni. Mama Wariara, mjane jirani yetu, yeye hakuwa na siasa. Alitaka kuni.

Alhamisi tarehe 11 Oktoba 1956 Bwana Shauri aliitisha baraza. Alisema serikali imeshinda, askari wataondoka Jumamosi, na kuanzia Jumapili watu watatoka watakavyo. Thuo aligeuza. Kisha akamchagua mama Wariara, naye akasimama akarudia kwa sauti: askari Jumamosi, sisi Jumapili. Watu wakapiga makofi, na Thuo akavaa kofia.

Kumbe Ijumaa wenye mashamba walikutana Nakuru, wakapiga meza, na siku ya askari kuondoka ikaahirishwa. Hakuna aliyekuja kutuambia. Jumapili alfajiri mama Wariara alichukua kamba yake ya kuni akapita seng'enge, na askari wakampiga risasi. Thuo alikwenda kumbeba yeye mwenyewe. Alirudi na ile kamba mkononi, hakula, na Wangu akaogopa.

Wiki iliyofuata liliitishwa baraza lingine. Bwana Shauri alimruka Thuo kimanga, tena Thuo akiwa amesimama ubavuni pake. Alisema hakuna siku yoyote iliyotajwa, mkalimani alikosea, na mama yule ameponzwa na kosa hilo. Kisha akamtazama Thuo ageuze.

Thuo alikuwa na nyumba ya kazi, mke na watoto wawili, na alijua akikataa wanalala nje. Alijua pia kwamba akiyageuza, damu ya mama Wariara inabaki kwake maisha. Thuo aligeuza. Neno kwa neno, kwa Kikuyu na kwa Kikipsigis, hakupunguza wala hakuongeza, kwa sababu hakujua kufanya kazi ile kwa namna nyingine. Alipomaliza, akafuata desturi yake. Alimwita Kiprugut asimame arudie.

Kiprugut alisimama, akasema, "Yale ya kwanza niliyasikia. Haya ya leo siwezi kuyarudia."

Akamwita mwingine, naye akatazama chini. Akamwita Wangu, mke wake, naye hakusimama. Bwana Shauri alipouliza kuna nini, Thuo alimjibu, "Bwana, maneno yamefika. Wenyewe hawayataki." Hakuvaa kofia, na watu hawakuondoka mpaka askari walipowasukuma.

Alifukuzwa kazi na nyumba siku iyo hiyo. Askari wenyewe waliondoka mwezi uliofuata, kwa hotuba na bendera. Ndugu yetu akaja hapa Nakuru kuvunja mawe machimboni, na vumbi likamkaa kifuani. Alikohoa mwaka mzima, akaanza kutema damu, akalazwa mwezi wa Septemba. Alifariki Jumanne tarehe 3 Novemba. Kilichomuuma si kifua. Katika karatasi za serikali bado yeye ndiye aliyekosea, na hilo lilimnyima usingizi.

Ameacha mama yake Wamuyu, mjane wake Wangu, watoto wake Kang'ethe na Wamuyu mdogo, dada yake Milcah, na rafiki yake Kiprugut.

Sasa, kabla udongo haujaingia, tufuate desturi yake. Kama yuko hapa aliyetumwa na serikali kutusikiliza, naye arudie. Kiprugut, tangulia, sisi tukufuate: Ilisemwa askari wataondoka Jumamosi. Thuo hakukosea.

Wangu, mvalishe kofia yake. Na apumzike, neno limefika.