Nyumba Katikati ya Mihogo

Mtumbwi wa mota ulikuwa katikati ya Lualaba, tukitoka Nyangwe, wakati Olga, anayeniuzia vitenge Kasongo, alipoichukua simu ya kijana wa mbele yake bila kuomba. Kijana alikuwa kwenye mchezo wa kujenga vijiji na kupeana, mwingine akaendeleze ulichojenga.

"Hii Wamaza, kijiji yetu, ni mimi nilijenga," Olga akasema. "Njia, musikiti, shamba ya bibi yangu, vile ilikuwaka zamani. Nani alikutuma uweke nyumba mu mihogo yetu?"

"Mama, jina yako ya mujengaji nimeiacha pale chini. Yangu, Serge, inakuja nyuma."

"Jina haitoshi! Mutu anajengaka kwa mwenzake bila kupiga hodi?"

Mimi michezo siijui, lakini nilisogea karibu. Mtumbwi haukuwa na redio.

"Ni nyumba ya mama yangu," Serge akasema taratibu. "Ilikuwaka palepale."

"Pale ni mihogo! Nimelima pale tangu utoto."

"Mulipanda baada ya sisi kukimbia."

Mota ikazimwa. Tukagusa ukingo, watu wakashuka na mizigo yao. Olga alibaki ameketi, simu mkononi, akitafuta mlango wa ile nyumba.