Alama za Kijani kwenye Folda ya Wagonjwa

Benchi la kona, mbele ya kibanda cha kutengeneza simu, lilikuwa na wenyewe. Waya, mwenye kibanda, alikaa upande wa mlango. Nukta, mpiga chapa mstaafu, alikaa katikati na methali zake, zote nzima ila hazijui pa kukaa. Pembeni alikaa Karani wa ofisi ya bima ya afya, na siku hiyo kahawa yake ilipoa mkononi. Mdogo wake wa kike, mpishi kwenye kambi ya wachimba visima, kusikoshika simu ila barua pepe za kambini tu, alikuwa amezikwa hukohuko wiki mbili zilizopita. Alimwandikia kaka yake barua pepe nne, akafa bila jibu. Asubuhi hiyo mama yao alimwuliza Karani swali moja tu: kwa nini hukumjibu mwenzio? Karani alitoka, na alijua akirudi ataulizwa tena.

— Hebu tueleze taratibu, Waya alisema. Barua ziliingia?

— Ziliingia. Mimi mwenyewe niliipa kompyuta amri: kila barua yenye neno "mgonjwa" isije kwangu, iende kwenye folda ya pamoja, tunayoiona sote wanne pale ofisini. Yeye akaandika, "Kaka, mimi mgonjwa." Kompyuta ikamhesabu mteja.

— Watu wanne, macho manane, hakuna aliyeona?

— Kila mmoja alijua mwenzake atasoma.

— Ndiyo maana wahenga wakasema wengi wape, Nukta alidakia.

— Wape nini, mzee? Mtu kafiwa!

— Pole, mwanangu. Ulimi umeteleza.

Waya akavuta kikombe chake.

— Mimi nasema kirusi. Kiliingia kwenye mashine, kikazificha.

— Kirusi si mgeni huyo? Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hapa kapona nani?

— Basi ni mtu, Nukta alisema. Kuna mwenzako ana kijicho. Hana dada, na wa wenzake hawataki.

— Mtu mmoja hawezi! Ni ile kampuni ya visima. Wana setilaiti, inachuja kila barua inayotaja ugonjwa, wasije wakaulizwa yale maji yana nini.

Karani alitamani waendelee. Kila walichobuni kilikuwa kitu cha kumpelekea mama, na kila kimoja kilimchoma, maana ukweli alikuwa nao yeye.

— Zote nne zina alama ya kijani, alisema kwa sauti ndogo. Kijani maana yake imeshughulikiwa.

Waya aliruka.

— Si ndiyo hiyo! Mwenye kijani ndiye mchawi wako. Twende tukamkamate!

— Mchawi mpe mwanao akulelee, Nukta alisema, akitikisa kichwa kwa busara.

Mshonaji wa mtaa wa pili, aliyekuja kuchukua simu yake, alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Hakuwahi kukaa pale.

— Samahani, kaka zangu. Hiyo alama huwekwa na nani?

Waya alimtazama Nukta. Nukta alimtazama Karani.

— Mimi, Karani alisema. Kila Ijumaa jioni. Nachagua zote zilizobaki, naziweka kijani kwa mpigo mmoja, ili mkubwa akifungua Jumatatu akute pasafi. Sisomi. Ijumaa nne nimemfunga mdogo wangu kama faili, kwa mkono huu, nikaenda zangu kupumzika.

Nukta alifungua kinywa, methali haikuja. Waya aliinama, akawa anapanga skrubu zilizokwisha kupangwa.

— Na barua ya mwisho alisemaje? mshonaji aliuliza, akikaa kando ya Karani.

Karani alitoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameichapa ofisini, akaisoma mara moja, akashindwa kurudia. Sasa aliisoma kwa sauti, na machozi hakuyazuia.

— "Kaka, bado mgonjwa. Najua kazi zimekubana. Usihangaike kujibu. Ukishasoma tu, inanitosha."

Karani aliikunja karatasi, akainuka kwenda kumsomea mama yake.